Ukuta wa Maneno Arobaini

Tarehe 14 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa karakana, nimekalia debe la rangi nyeupe kwa sababu stuli imevunjika mguu. Nyumbani wote ni wazima. Mama watoto anakusalimu sana, anasema lile blanketi ulilomfumia linagombaniwa kila jioni na mshindi ni paka. Mjukuu wako mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na anatabasamu hovyo ili watu wayaone mapengo. Kazi ipo. Wiki hii nimeandika kibao cha duka la dawa, cha shule ya udereva, na cha bwana mmoja anayefuga kuku, ambaye alitaka mayai yake yaonekane yana furaha. Nimemchorea mayai sita, yote yanacheka.

Wewe vipi? Mguu unaendeleaje? Siku ya mwaka mpya nilikupigia simu, ikaita mpaka ikakata. Najua utaniambia simu ni ya watu wenye haraka. Haya, nimetulia, nimeshika kalamu.

Shangazi, nina jambo, na utacheka. Jambo lenyewe ni gitaa.

Unakumbuka nilianza nikiwa na miaka ishirini na minane, watu wakaniambia nimechelewa. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nakaa karibu na wapigaji, nawatazama mikono, naiba kodi moja hapa, nyingine pale. (Kodi ni nyuzi kadhaa zikibanwa kwa pamoja, si ile wanayofuatilia watu wa serikali.) Miaka saba nilikuwa napanda. Kila mwezi nilikuwa na kitu kipya cha kujivunia. Sasa huu mwaka wa pili nimesimama. Nina nyimbo kumi na moja. Mwaka juzi zilikuwa kumi na moja. Nikishika gitaa, mama watoto anajua wimbo utakaofuata, anajua mpaka mahali nitakapokosea. Juzi alikuwa anakaanga vitunguu, nikakaribia pale pabaya, akasema "hapo!" kabla kidole hakijateleza.

Si uvivu, Shangazi. Napiga kila siku saa nzima nikitoka kazini. Ni kutwanga maji kwenye kinu. Nimeshafikiria kumpa mtu hili gitaa, lakini nikilitazama pale ukutani moyo unakataa.

Sikuandikii kwa kuwa unajua muziki. Nakuandikia kwa kuwa ulinifundisha kusoma saa ya mishale baada ya baba na walimu wawili kuninawia mikono. Nisaidie mawazo.

Mwanao,
Mwandika Vibao


Tarehe 2 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja ya mwaka mpya. Mguu unatembea, hauna haraka, na mimi pia sina. Jirani wa juu amejifungua mtoto wa kiume. Wapangaji wote wana macho mekundu, naambiwa anapiga kelele usiku kucha. Mimi nalala vizuri. Kikundi chetu cha kufuma kinakutana kila Jumamosi kama kawaida, tuko kumi na wawili sasa. Huyo paka mwambieni blanketi lina mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Gitaa silijui, hata upande wa kushika ungenipa ningekosea. Lakini ugonjwa ulioniandikia naujua kama kiganja cha mkono wangu.

Nilifundisha kupiga chapa miaka thelathini na mmoja. Chumba kimoja, madirisha mawili, mashine arobaini za chuma. Mwanafunzi anakuja hajui herufi gani iko wapi. Baada ya wiki kadhaa anapiga maneno kumi kwa dakika, halafu ishirini, halafu thelathini. Anafurahi, anaandika barua kwao kujisifu. Anafika arobaini, anagonga ukuta. Mwezi huo arobaini. Mwezi wa pili arobaini. Hapo ndipo walipokuwa wanaanza kwenda kulia chooni, na wengine ghafla wanagundua kwamba siku zote walitaka kuwa mafundi cherehani.

Sisi walimu tulikuwa na jina lake: ukuta wa arobaini. Nimeuona kwa mamia ya watu, na sijaona hata mmoja aliyeuvunja kwa kukimbia. Aliyejikaza kupiga haraka alibaki arobaini, akaongeza makosa. Njia iliyokufikisha arobaini inaishia arobaini, mwanangu. Inabidi ushuke utafute nyingine, na kushuka kunauma.

Sasa nijibu, na usiniletee falsafa. Moja, ukiwa unapiga macho yako yanatazama wapi? Mbili, unakosea wapi? Usiniambie "katikati ya wimbo". Niambie kidole gani, kinatoka wapi, kinakwenda wapi. Tatu, ukishakosea unafanya nini?

Andika kwenye karatasi, usinipigie. Na huyo mwanamke aliyesema "hapo" ni mwalimu asiye na cheti. Msalimu.

Shangazi yako


Tarehe 20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Tumepokea barua yako mvua ikinyesha, bahasha imelowa lakini maneno yako hayakulowa. Sote wazima. Mapengo ya mjukuu wako yameanza kuota meno.

Nilidhani kukujibu ni kazi ya dakika tano. Imenichukua jioni nne. Sikuwahi kujitazama. Nilikuwa kama mtu anayepita njia moja kila siku na ukimuuliza milango ina rangi gani hajui.

Macho yangu yanatazama mkono wa kushoto. Siku zote. Hata mtu akiingia chumbani simwoni.

Nakosea pale ninapotoka kwenye kodi nyepesi ya vidole vitatu kwenda kwenye ile ambayo kidole cha shahada kinalazwa juu ya nyuzi zote sita, kama mlinzi aliyelala kuziba mlango. Kidole kinafika kimechelewa, kimepinda, na nyuzi mbili za juu zinatoa sauti ya kikombe cha plastiki.

Swali la tatu ndilo lililonitia aibu. Nikikosea, narudi mwanzo wa wimbo. Nilijihesabu kwa chaki ukutani: katika saa moja nilianza wimbo mara kumi na tisa. Kwa hiyo ule mwanzo naupiga kama malaika, Shangazi, na ile sehemu mbovu naikanyaga sekunde mbili halafu nakimbia.

Kuna jambo jingine, sijui kama lina maana. Fundi wa majokofu hapa mtaani, tunamwita Barafu, anapiga gitaa la besi. Yeye na wenzake wawili wanafanya mazoezi kila Jumamosi mchana ndani ya stoo ya viti vya kukodisha. Ameniita mara tatu. Namwambia nina kazi.

Mwanao


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kuyasikia ya meno. Mimi nimemaliza sweta la mtoto wa jirani, mikono imekuwa mirefu, atalivaa mpaka aoe.

Umeshajijibu, mimi napiga mhuri tu. Miaka miwili umekuwa ukifanya mazoezi ya mwanzo. Ndiyo maana mwanzo ni mzuri.

Fanya hivi. Acha nyimbo mwezi mmoja. Chukua zile kodi mbili tu. Toka kwenye ya kwanza nenda kwenye ya pili, mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni, polepole kiasi kwamba hata ukitaka kukosea huwezi. Ukikosea ujue umekimbia, punguza tena. Na usitazame mkono. Darasani tulikuwa tunawafunika mikono kwa kitambaa, wanalalamika kama watu walioibiwa, baada ya wiki vidole vinajua njia ya kwenda nyumbani vyenyewe.

La pili ni zito zaidi. Ukiwa peke yako, kidole kikichelewa wimbo wote unasimama kukingoja. Unajisubiri. Mimi nilikuwa nagonga rula mezani, watu arobaini wanakwenda pamoja, anayechelewa anaruka herufi anawadaka wenzake mbele. Utafute watu wasiokungoja. Umeshaniambia wako wapi. Nenda kwenye hiyo stoo.

Shangazi yako


Tarehe 6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Kazi imekuwa nyingi, mwuza magodoro wa barabara kuu anataka vibao vitatu kwa mpigo.

Zile kodi mbili nimezifanya. Siku ya kwanza mama watoto alikuja kunigusa paji la uso akidhani nina homa. Wiki ya tatu kidole kilianza kulala chenyewe. Si kila mara, ila kinalala. Nikirudisha kwenye wimbo wenyewe, kinasahau.

Jumamosi nilikwenda kwa akina Barafu. Walinipokea vizuri. Tulipiga nyimbo kadhaa. Ilikuwa vizuri.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ya kumbukumbu. Ichomeke kwenye ile redio yako ndogo. Nimejirekodi nikipiga, ili usikie mwenyewe ukuta ulipo. Nataka neno lako la kweli, usinionee huruma.

Mwanao


Tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mguu hauna neno. Wiki iliyopita tumepata mwanachama mpya kwenye kufuma, anashika sindano kama anayetaka kuchoma mtu.

Kadi imefika salama, na nimekaa nayo mpaka mwisho. Nimefurahi sana. Unapiga kwa utulivu, huna papara, na kuna mahali unanyamaza kidogo kabla ya kuendelea, pamenigusa. Nimeona moyo wako humo. Endelea hivyo hivyo, usibadilishe kitu.

Shangazi yako


Tarehe 9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzeje.

Jana nilikuwa naosha brashi. Chini ya kopo la brashi nikakuta kadi ya kumbukumbu. Nikaichomeka kwenye simu. Ni mimi, napiga gitaa.

Kadi niliyokutumia ni ya mwuza magodoro. Alijirekodi akinitajia maneno ya kwenye vibao vyake, kwa kuwa anasema hana muda wa kuandika: "Magodoro, mito na mapazia. Tunakufikishia mpaka nyumbani. Hapo kwenye mpaka nyumbani weka rangi nyekundu." Dakika kumi na mbili. Hakuna hata uzi mmoja wa gitaa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwita mama watoto nimsomee barua yako, pale uliposema kunyamaza kwangu kumekugusa. Naye akacheka. Halafu akaacha kucheka kabla yangu. Akaniuliza, "Mara ya mwisho umeongea naye kwa simu ni lini?" Nikahesabu. Miaka minne. Na mara ya mwisho kuonana ni kwenye mazishi ya baba, nilikuita mara mbili hukugeuka, nikajua ni msiba.

Sina hasira, Shangazi. Nakuomba tu uniambie.

Mwanao


Tarehe 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya sita hii. Nimemwomba karani wa posta aangalie tena kwenye sanduku, ameangalia mpaka ameniambia sasa naweza kuhamia humo.

Huna lazima ya kuniambia chochote. Niandikie hata habari za mguu.

Mwanao


Tarehe 21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mguu hauna neno. Barua hii nimeianza mara tano.

Sisikii.

Ilianza mwaka niliostaafu. Kwanza ulipotea mlio wa birika, nikaunguza mawili. Halafu mvua kwenye bati. Halafu watu wakaanza kuongea kama walio nyuma ya pazia, na pazia likawa zito kila mwaka. Daktari alisema ni zile mashine, arobaini kwa pamoja, miaka thelathini na mmoja, katika chumba chenye madirisha mawili. Alitaka nivae kifaa sikioni. Nilimwambia nitafikiria, na nimekuwa nikifikiria tangu siku hiyo.

Najua kuna methali ya mficha maradhi. Usiniandikie, naijua.

Nikwambie kwa nini nimeficha. Siku moja dukani nilimwomba muuzaji arudie alichosema. Akarudia. Nikamwomba tena. Akamgeukia msichana aliyekuwa nyuma yangu, akamwambia yeye. Nami nimesimama pale pale, mfuko mkononi, nikawa kama begi ambalo mtu amelisahau. Nilitoka nikaapa hakuna mtu atakayeliona hilo tena. Najifunza midomo ya watu. Natabasamu wakitabasamu. Nikishindwa, najifanya nimechoka. Simu siipokei, kwa sababu simu haina mdomo wa kutazama.

Barua ndiyo mahali pekee nilipobaki mzima. Kwenye barua sijawahi kukwambia "eh?" hata mara moja.

Ile kadi niliichomeka. Redio ina taa ndogo ya kijani inayowaka sauti inapotoka na kuzima inapokoma. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nimevaa nguo nzuri, nikaitazama ile taa dakika zote kumi na mbili. Ilikuwa inawaka kwa utulivu. Pale ilipozima kidogo ndipo uliponigusa. Sikutaka kukudanganya, nilitaka kukusikia.

Niwie radhi kwa kuyasifia magodoro.

Shangazi yako


Tarehe 3 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena hii ni ya magoti chini.

Barua yako nimeisoma karakana, mteja amesimama mlangoni, nikamwambia arudi kesho. Nimelia kidogo, na lile la magodoro limenichekesha humo humo ndani ya kilio. Asante kwa kuniambia. Najua bei yake.

Sasa na mimi. Sikwenda kwa akina Barafu. Nilikwenda mpaka mlangoni. Nilisimama nje na gitaa mgongoni, nikawasikia wanapiga, nikaona jinsi wanavyokwenda bila kusimama, miguu ikagoma. Nikageuka nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili mama watoto asijue nimerudi mapema. Miezi minne nimekuacha uamini uongo. Wewe umeficha kwa kuwa ulidharauliwa. Mimi nimeficha bila kudharauliwa na mtu, nilikuwa nawahi tu kujificha kabla dharau haijafika.

Mwisho wa mwezi naomba ruhusa kwa wateja, nakuja. Nakuja na gitaa. Usinikatalie, maana hutaweza kunikatalia kwa simu.

Mwanao


Tarehe 10 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Njoo.

Nilijua hukwenda. Wewe ukifika mahali huniletea maneno ya watu, nani kasema nini, nani kamjibu vipi. Barua ile haikuwa na hata mtu mmoja anayefungua mdomo, ilikuwa na "vizuri" mbili. Nikataka kukukaripia, nikakumbuka nyani haoni kundule, nikanyamaza.

Mlango usigonge. Sukuma, uingie.

Shangazi yako


Tarehe 15 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimerudi salama. Mama watoto amelipokea sweta ulilompa, amelivaa hapo hapo joto lote hili. Mjukuu wako anajifunza kuongea akimtazama mtu usoni, anajiandaa kuja kwako likizo.

Nakuandikia mambo uliyoyaona mwenyewe, kwa sababu nataka yabaki kwenye karatasi.

Jioni ile ya kwanza jikoni kwako uliniambia, "Nipigie." Nikakuuliza utasikiaje. Ukanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa, ukasema, "Nimekwambia upige. Sikukwambia nitasikia." Ukavuta kiti ukakaa mbele yangu, mikono mapajani. Nikapiga. Nikafika pale, nikakosea. Ukasema, "Tena." Nikapiga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Hukuwa unatazama vidole vyangu hata kidogo, na hilo lilinitatiza.

Halafu ukasema, "Unabana pumzi."

"Wapi?"

"Kabla ya kile kidole kulala. Bega la kushoto linapanda, mdomo unafunga, kifua kinasimama. Kama mtu anayetaka kuruka mtaro mpana."

Nikakwambia mimi sijawahi kuhisi hivyo. Ukacheka. Ukasema, "Nilikuwa na mashine arobaini zinanguruma. Unadhani nilikuwa nasikia ya nani? Miaka yote ile nilikuwa nafundisha kwa kutazama mabega. Mtu akitaka kukosea, bega linatangulia kusema. Toa pumzi hapo. Piga huku unapumua, kama unayepuliza chai."

Mara ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote. Mara ya nne nikapuliza chai, na kidole kikalala. Nyuzi sita zikalia safi, zote sita, nami nikashtuka nikasimama. Wewe hukusikia kitu, lakini ulipiga makofi kabla sijasema neno. Miaka miwili, Shangazi, nimejirekodi, nimejihesabu kwa chaki, nimejisikiliza mpaka nimechoka. Wapo watu mtaani wenye masikio mazuri waliokuwa wananisikiliza, wakaniambia "rudia tu, itakuja". Hakuna aliyeniona.

Sasa Jumamosi. Safari hii nakuletea maneno ya watu.

Stoo ile imejaa viti vya plastiki vimepandana mpaka darini, katikati wameacha uwazi wa kama kitanda. Barafu aliponiona alisema, "Umekuja mwenyewe au kuna mtu anakusukuma?" Nikamwambia yupo, ila yuko mbali. Mwimbaji wao ni mama mmoja karani wa mahakama, mkali kweli, akaniambia, "Hapa hatusimamishi wimbo kwa ajili ya mtu. Ukianguka, amka." Mpiga ngoma yeye aliinua kijiti tu.

Wakaanza. Nilianguka mara mbili kabla ya ubeti wa kwanza kuisha, na kweli hawakusimama. Nikaruka, nikawadaka mbele. Tukakaribia ile kodi. Nikahisi bega linaanza kupanda, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kulihisi. Nikapuliza. Kidole kikalala. Nikapita, na wimbo ukaendelea, na mimi nimo ndani yake.

Halafu likaja jambo nisilolitegemea. Barafu akabadilisha njia kwenye besi, bila kunitazama, akawa anakwenda mahali ambapo mimi sijawahi kwenda. Sikuwa na muda wa kuogopa. Mkono ukamfuata. Nikasikia gitaa linasema vitu ambavyo sikuviiba kwa mtu yeyote. Nadhani yule mama karani alisikia, maana alirudia ubeti ili tuendelee kidogo.

Tulipomaliza Barafu akafuta jasho. "Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Nikamjibu, "Mwanzoni."

Hakuelewa, na sikumweleza. Wamenipa nyimbo nane za kujifunza kabla ya Jumamosi ijayo. Nane, Shangazi! Nimeshika mbili, na nazikosea vibaya, makosa mapya kabisa, sijawahi kufurahia makosa namna hii.

Sijui shukrani ya jambo kama hili inaandikwaje. Ningekuwa naandika kibao ningejua rangi na ukubwa wa herufi. Asante kwa saa ya mishale na kwa maswali matatu. Asante kwa kuniacha niingie bila kugonga.

Mwanao


Tarehe 8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na asante ya kwako nimeipokea, nimeiweka kabatini pamoja na vyeti.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwa yule mama karani, "ukianguka, amka", nikaketi. Nikasema moyoni, huyu mtoto amekwenda stoo kwa sababu yangu, na mimi bado nimejificha nyuma ya tabasamu. Nilikupeleka mahali ambapo mwenyewe sijathubutu.

Basi Jumamosi nilikwenda kwenye kufuma. Tulikuwepo wote kumi na watatu, pamoja na yule wa sindano. Nilingoja tuanze, halafu nikaweka uzi mapajani nikasema, "Jamani, nina neno." Wakainua vichwa. Nikasema, "Mimi sisikii. Mwaka wa nne huu sisikii karibu kitu chochote. Nimekuwa nikiwadanganya. Naomba mnisamehe, na naomba mkiongea nami mnitazame."

Nikatoa pumzi kama nilivyokwambia wewe. Nikangoja washangae.

Hakuna aliyeshangaa. Walitazamana. Mwenyekiti wetu, yule mjane mwenye miwani, aliweka sindano chini, akaja akachutama mbele yangu ili uso wake uwe sawa na wangu, akasema taratibu, nami nikaona kila neno: "Tunajua, dada. Mbona tulikupa kile kiti?"

Mwanangu, nina kiti changu pale. Kinalipa mgongo dirisha, na wao wote hukaa upande wa pili, nusu duara, mwanga unawaangukia usoni. Nilipojiunga hapakuwa na mpango huo, kila mtu alikaa alipotaka. Siku moja nilikuta viti vimepangwa hivyo, nikaambiwa wewe kaa pale. Nikajua ni heshima ya mvi zangu, nikakaa kama malkia. Miaka minne. Kila Jumamosi mmoja wao hutangulia mapema kupanga viti, kwa zamu, na siku zote hizo hakuna aliyenitia aibu kwa kuniuliza.

Niliuliza, "Kwa nini hamkusema?"

Yule wa sindano, ambaye ana miezi mitano tu pale, akajibu, "Mimi niliambiwa siku ya kwanza: yule mama anatusoma, usifunike mdomo."

Nililia, sikujificha. Tarehe ishirini nakwenda kwa daktari wa masikio kuchukua kile kifaa, mwenyekiti ananisindikiza. Daktari alishasema hakitarudisha yote. Hata mlio wa birika ukirudi peke yake nitashukuru.

Kabla ya kufunga kikao nilisimama nikawaambia asanteni. Wakajibu wote kwa pamoja, polepole, nyuso kumi na mbili zikiwa kwenye mwanga, na sikupoteza hata neno moja.

Shangazi yako